Kuchagua programu ya kurekodi skrini kwa ajili ya masomo

Mwalimu anayetaka kurekodi somo kwenye kompyuta yake, awe Kasulu, Uvinza au Kigoma mjini, aanze kwa kujiuliza itakuwaje umeme ukikatika katikati ya somo. Niliwahi kurekodi dakika 40 za mada ya mwendo kwa kidato cha tatu, kwenye kompyuta mpakato ambayo betri yake ilikwishakufa. Umeme ukakatika, na faili la video la aina ya MP4 lililobaki halikufunguka tena, kwa kuwa faili la aina hiyo kwa kawaida huandikiwa taarifa zake muhimu mwishoni, pale kurekodi kunaposimamishwa.

Faili la MKV, aina nyingine ya faili la video, halina udhaifu huo: kilichokwisha kurekodiwa hubaki kikichezeka. Ndiyo maana chaguo langu ni OBS Studio, programu ya bure ya Windows, macOS na Linux, isiyobandika nembo juu ya video, isiyo na ukomo wa dakika, na isiyohitaji intaneti ikishasakinishwa. Kwenye mipangilio chagua MKV, na somo likiisha tumia menyu ya faili kuligeuza kuwa MP4, ambayo simu nyingi huifungua bila shida. Kasoro yake ni kwamba siku ya kwanza inatisha, kwani skrini yake hukaa nyeusi mpaka umeongeza chanzo cha picha, yaani skrini au dirisha unalotaka kurekodi.

Anayefundisha kwa slaidi peke yake hana haja ya kuhangaika hivyo. PowerPoint yenyewe hurekodi slaidi pamoja na sauti na kuzitoa kama video. Kinasa kilichomo ndani ya Windows 10, kinachofunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na G, hurekodi programu moja tu na si skrini nzima, hivyo hakimfai anayeruka kutoka dirisha moja hadi jingine.

Ukubwa wa faili nao upigiwe hesabu mapema. Ukipanga kiwango cha data ya video (bitrate) kuwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, dakika 10 za picha huchukua takriban megabaiti 188. Kwa kilobiti 1,000 huchukua 75. Maandishi hayakimbii kama mpira, kwa hiyo kiwango hicho cha chini, pamoja na fremu (picha) 15 kwa sekunde, kinatosha. Sauti usiibanie: tumia maikrofoni iliyo kwenye waya wa earphone za simu, ikiwa karibu na mdomo, na mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.

Kabla ya kuamua, rekodi dakika mbili, zinakili kwenye memori kadi, kisha zifungue kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote unayoweza kuazima. Herufi zisiposomeka, ongeza ukubwa wake kwenye slaidi kabla ya kukimbilia kuongeza ubora wa video.