Jinsi ya kuzunguka baa za bia za kraft (bia za viwanda vidogo) Fremantle bila papara

Kama uko Perth, Australia, acha gari nyumbani, panda treni ya Fremantle, mji wa bandari wa jirani, ni kama nusu saa hivi na inaishia hukohuko, afu traffic wa kule wanapimisha madereva pumzi mara kwa mara na kikomo cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.05 so usijidanganye.

Ukishuka anza na Gage Roads pale A Shed, Victoria Quay, ghala la zamani la bandari, unakaa unaangalia meli. Usikimbilie painti, painti ni mililita 570 na bado una safari! Omba ubao wa kuonja, wanakuletea glasi ndogo ndogo zimepangwa, we anza na lager (bia nyepesi) umalizie na IPA (India Pale Ale, bia chungu) na zile nyeusi, maana ukianza na IPA ule uchungu unaganda ulimini na zinazofuata zote utaziona maji tu.

Ukipita South Terrace kuna Sail & Anchor, hii ni kati ya baa za mwanzo Australia kupika bia yake yenyewe, miaka ya 1980 hiyo.

Njaa ikiuma nenda Little Creatures, bandari ya wavuvi, wapo tangu 2000 na jengo lao lilishawahi kuwa shamba la mamba (kweli kabisa). Agiza piza na Pale Ale, ukae nje, ila beba sweta, mchana ule upepo wa bahari wanaouita Doctor ukianza hauna utani.

Na mkiwa kundi watu wananunua kwa raundi, yaani kila mtu kwa zamu ananunulia wote, zamu yako ikifika usijifanye unaenda chooni.