Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Barua ya Kazi kwa Kiingereza: Umbo la Tatu la Kitenzi

Anayeketi kuandika barua ya kuomba kazi katika hoteli ya Nyali au ofisi ya forodha karibu na bandari ya Kilindini huwa amekwisha kutayarisha vyeti na picha, ilhali vitenzi vya barua yenyewe havikaguliwi mpaka imekwisha kutumwa. Navyo ndivyo msomaji huvitazama kwanza.

Yafaa kutambua mapema ugumu unatoka wapi. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tumezoea mzizi usiobadilika, kwani katika aliandika, ameandika na angaliandika, wakati hubebwa na viambishi vya mbele, na andika hubaki vile vile. Kiingereza hubadilisha kitenzi chenyewe: write, umbo la kwanza, huwa wrote, la pili, kisha written, la tatu. Ndiyo maana hata mwandishi hodari huandika "I have wrote" bila kushtuka, maana kwake have imekwisha kufanya kazi ya -me-, na kinachofuata anakiona kuwa mzizi tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kitenzi, tazama neno linalokitangulia. Likiwa has, have au had, na kitenzi hicho ndicho kinachotaja tendo lililokamilika, andika umbo la tatu: has gone, si has went, had begun, si had began. Did hudai umbo la kwanza, did not go. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili chetu kinatusaidia sana, kwa sababu palipo na -w- ya kutendwa, Kiingereza hutaka umbo la tatu katika kila wakati: ripoti iliandikwa, imeandikwa, itaandikwa, was written, has been written, will be written. Mimi huanzia hapo ninapomfundisha mtu, kwa kuwa -w- anaijua tangu utotoni.

Jihadhari na neno jana. Kwetu "nimemwona jana" husemwa bila taabu, lakini Kiingereza hukataa have pamoja na yesterday, hivyo andika I saw him yesterday.

Andaa pia daftari la safu tatu, ukipanga vitenzi kwa mlio badala ya alfabeti: drink, drank, drunk pamoja na swim, swam, swum, come na run, ambavyo umbo la tatu hurudi kuwa la kwanza, put na cut, visivyobadilika kamwe. Lie ya kulala, lay, lain, ipe ukurasa wake mbali na lay ya kulaza, laid, laid, kwani lay inaonekana katika zote mbili.

Mwisho, amua utaandika Kiingereza cha wapi. Shule zetu hufuata cha Uingereza, ambako umbo la tatu la get ni got. Mgeni kutoka Marekani husema gotten na hajakosea, ila barua moja isiwe na yote mawili.