Njegere kwenye mchanga na dripu: mbolea naiweka hivi

Mchanga haushiki kitu jamani, ukimwaga mbolea yote siku moja ukafungulia maji, kesho ishazama huko chini mizizi ya njegere haifiki, kwa hiyo hapa ni kidogo kidogo, mara nyingi.

Hatua ya 1. Samadi iliyooza vizuri ifukie kwenye mstari utakaopita mpira wa dripu (wa maji ya matone) tu, katikati ya mistari hakuna maji utaipoteza bure. Pima pH (uchachu wa udongo), njegere inapenda 6 mpaka 7, ikiwa chini weka chokaa mapema.

Hatua ya 2. Kama shamba halijawahi kupandwa njegere, paka mbegu bakteria wa njegere wenyewe, wale wanaoisaidia kutengeneza naitrojeni (wa soya hawafanyi kazi). TSP (mbolea ya fosfeti) iwe sentimita 5 hivi pembeni ya mbegu na chini yake kidogo, zikigusana mbegu inaungua.

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi tunaharibu. Achana na urea (mbolea ya naitrojeni) kwanza! Msimu wangu wa kwanza niliipiga kila wiki, majani yakawa mazito ya kupendeza, maganda ya kuhesabu. Njegere inajitengenezea naitrojeni yake, ukiipa nyingi inaacha. Wiki ya 4 hivi chimbua mche mmoja taratibu, usiung'oe maana vinundu vya mizizi, wanamokaa wale bakteria, vitabaki ardhini, suuza mizizi kwenye ndoo, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pinki? Mambo safi. Vyeupe au hakuna kabisa na majani ya chini yana njano, hapo sasa toa naitrojeni kidogo kwenye dripu.

Hatua ya 4. Maua yakianza toa potashi, mi natumia salfeti ya potasiamu, dozi ya msimu naigawa kila wiki. Iyeyushe kwenye ndoo, chuja kwa kitambaa. Fungulia maji matupu mpaka tundu la mwisho lidondoshe, ndo uingize mbolea, halafu malizia na maji matupu kama dakika 10 kusafisha mipira, ukizidisha sana unaisukuma mbolea yote chini.

Kalsiamu naitreti usiichanganye tanki moja na salfeti wala fosfeti, inaganda na kuziba matundu. Ukiwa na wasiwasi changanya kidogo kwenye chupa angavu usubiri saa moja, ikiwa kama maziwa basi kila moja siku yake.