Kipindi cha bunilizi ya kisayansi cha dakika 26: ajabu moja, usiku mmoja, mpakani Busia

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa tamthilia ya televisheni asiye na hela ya kujenga chombo cha angani. Hilo lisimvunje moyo, maana kaida nyingi za hadithi hizi zilizaliwa na mfuko mwembamba. Star Trek ilipoanza Marekani mwaka 1966, wahusika walipelekwa kwenye sayari kwa mwale, wakiyeyuka huku na kutokea kule, kwa sababu kupiga picha za chombo kikitua kila wiki kungekula bajeti yote. Leo watu huikumbuka kama sayansi. Ilikuwa hesabu ya mhasibu.

Anza na ajabu, na iwe moja tu. Mtazamaji wa Jinja au Arua atakubali jambo moja lisilowezekana bila ubishi, mradi umempa ndani ya dakika tatu za mwanzo. La pili atalikubali shingo upande. La tatu, ameshachukua simu yake. Iandike ajabu hiyo kwa sentensi moja, kisha chini yake ujibu: inafanya nini, haiwezi kufanya nini, na anayeitumia hulipa nini. Ukishindwa kujibu swali la pili, usiende mbele. Ajabu isiyo na mpaka humaliza kila tatizo, na kipindi kisicho na tatizo hakijazi dakika 26.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Nekesa ni fundi wa redio na simu mjini Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Duka lake pia huchajisha simu za watu kwa betri kubwa ya sola. Juu ya bati amefunga antena ya vijiti vya alumini, ya kunasa mawimbi ya satelaiti ndogo. Usiku mmoja ananasa picha ya Busia, na saa iliyoandikwa kwenye picha ni ya kesho asubuhi. Ajabu yetu ni hiyo, basi.

Sasa mipaka yake, na hapa sayansi ya kweli inakufanyia kazi bure. Uganda ilirusha satelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye kamera ya kutazama ardhi, na kituo chake cha kupokea data kilikuwa Mpoma, Mukono. Kamera ya chombo kidogo hivyo haioni uso wa mtu wala namba ya gari. Kitone kimoja cha picha hufunika mita nyingi za ardhi. Kwa hiyo Nekesa haoni nani, anaona moshi tu. Moshi mweusi, kwenye barabara inayotoka maegesho ya malori. Mwandishi mvivu angempa picha safi ya lori likiwaka na hadithi ingeishia hapo hapo.

Kuna mpaka wa pili ulio mtamu zaidi. Satelaiti iliyo kilomita 400 hivi juu huizunguka dunia kwa dakika 90, na ikipita juu ya kituo husikika kwa dakika zisizozidi kumi. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, dakika kumi hazishushi hata megabaiti moja. Picha inaweza kukatika katikati. Nusu yake inashuka saa mbili usiku, nyingine inabaki angani. Tayari una mwisho wa sehemu ya kwanza, na hukuhitaji zimwi.

Kosa linaloonekana sana katika miswada: satelaiti hiyo kupita juu ya mji ule ule kila baada ya dakika 90. Haiendi hivyo, isipokuwa mzingo wake, yaani njia yake ya kuzunguka, uwe umeifuata ikweta. Wakati chombo kinazunguka, dunia nayo imegeuka takriban digrii 23, sawa na kilomita 2,500 kwenye ikweta. Mpito unaofuata unakuwa mbali upande wa magharibi, chini karibu na upeo wa macho, na mawimbi ni hafifu. Ukibahatika unapata mipito miwili, halafu unasubiri saa nyingi. Itumie hali hiyo ilivyo: mpito wa saa mbili usiku ulikuwa mzuri, wa saa tatu na nusu ni mbovu, na baada ya hapo hakuna mwingine hadi kumekucha. Saa ya hadithi imejitega yenyewe.

Gharama sasa. Umeme umekatika. Redio na kompyuta zinakula betri ile ile inayochajisha simu arobaini za wateja. Nekesa akisikiliza mpito wa pili, simu zote zitalala bila chaji. Mojawapo ni ya kaka yake Wandera, dereva wa lori, aliyeiacha mezani jioni baada ya ugomvi. Akiona hatari, hana namba ya kumpigia. Gharama nzuri ni ile inayogusa watu wale wale wa hadithi ya pili.

Na hadithi ya pili lazima iwepo. Ya kwanza ni picha ya kesho. Ya pili ni Wandera anayetaka kuuza kiwanja cha mama yao ili amalizie deni la lori, na Nekesa hataki. Katika sini 16 (sini ni tukio la mahali pamoja na wakati mmoja), zipe hadithi ya kwanza kumi na ya pili sita. Usizipange moja moja kwa zamu kama foleni ya kisima. Ziunganishe mwanzoni mwa sehemu ya tatu, siyo mwishoni, ili ugomvi wa kiwanja uamue jinsi picha itakavyotumika: Nekesa akikimbilia maegesho usiku kumwambia kaka asiondoke, Wandera atadhani ni ujanja wa kumzuia asiende kumwona mnunuzi. Hana sababu ya kumwamini. Hapo ndipo kipindi kinapouma.

Kuhusu dakika: vipindi vya saa moja vya Marekani vina dakika 42 hadi 44 za hadithi, na vya nusu saa kama 22, maana muda uliobaki ni wa matangazo. Mgawanyo wa sehemu ulitokana na matangazo hayo, kila sehemu ikiisha na swali la kumrudisha mtu kwenye kiti. Hata kazi yako ikienda intaneti bila tangazo hata moja, bakiza mgawanyo huo, kwa sababu unakulazimisha kugeuza mambo kila baada ya dakika saba au nane. Kwa dakika 26: kionjo dakika 2, sehemu ya kwanza 7, ya pili 8, ya tatu 7, tamati 2.

Kionjo kisieleze. Kiwe na kazi ya kawaida, kisha kitu kimoja kiende mrama. Nekesa anaandika namba kwa kalamu nyuma ya simu ya Wandera na kuichomeka pamoja na nyingine, wanatupiana maneno juu ya kiwanja, Wandera anatoka, redio inakwaruza. Picha inashuka mstari kwa mstari. Tarehe ni ya kesho. Kata. Ile simu mezani umeshaipanda kama mbegu bila mtu kugundua. Mbegu ya namna hii ipande mara mbili kabla ya nusu ya kipindi, mara ya kwanza ikiwa ndani ya kazi ya kila siku, mara ya pili ndani ya mzaha. Ukiipanda mara moja watu watasahau. Ukiipanda mara nne watakutangulia.

Swali ambalo hadithi zote za wakati hulazimika kujibu: je, kesho inabadilika? Amua kabla ya kuandika sini ya kwanza, na usihame. Ikiwa inabadilika, Nekesa anaokoa na picha inageuka. Ikiwa haibadiliki, kila anachofanya kinaipeleka hadithi kwenye picha ile ile. Kwa bajeti ndogo tunashauri njia ya pili. Alfajiri, kaka amekataa kusikia na lori limewashwa; Nekesa anaburuta matairi makuukuu hadi barabarani na kuyachoma ili lisipite. Moshi mweusi unapanda. Ni ule ule wa kwenye picha. Hakuna lori lililoungua, wala halikuwa liungue. Kosa baya hapa ni kuongeza mlipuko wa kweli baada ya hapo kwa hofu kwamba watu hawakutosheka. Ukiuongeza, umevunja kanuni uliyoitumia dakika 24 kuijenga.

Maelezo ya kitaalamu yasizidi sentensi mbili kwa mkupuo, na yatoke kwa mtu anayehitaji kitu. Mhusika akianza na "kama unavyojua", futa. Linganisha. Namna mbaya:

— Kama unavyojua, satelaiti hii hupita kwa dakika kumi tu na kasi ya data yake ni ndogo.

Namna inayofaa:

— Dada Nekesa, mbona umesimama juu ya bati na giza hili?
— Shika hiyo waya, kijana. Imebaki dakika tatu, na sina hata nusu ya picha.
— Na ikiisha?
— Inakwenda Kongo. Ukiiita haigeuki.

Watazamaji wetu wana historia yao na maelezo. Kwenye vibanda vya video, VJ husimama kati ya filamu na watu, akitafsiri kwa Kiluganda, akitania, akisema nani ni mbaya kabla mbaya hajajitokeza. Ni sanaa ya watu na ina ladha yake. Lakini wewe usiandike kana kwamba VJ atakuja kuziba mapengo yako, wala usimgeuze mhusika kuwa VJ wa kipindi chako mwenyewe.

Jambo la lugha halimo katika miongozo ya nje, na hapa Uganda lina uzito. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba tangu 2005, ila kwa muda mrefu wengi walikisikia zaidi kwenye kambi za jeshi na kwa polisi. Mtu mwenye sauti nzito akitoa amri kwa Kiswahili, mtazamaji wa Masaka anaweza kujikunyata kabla ya kujua ni nani. Unaweza kuitumia hofu hiyo au kuipindua, bora ujue kwamba ipo. Busia inakuokoa: madereva wa Mombasa, Kigali na Juba wanahitaji lugha moja ya kuulizana bei na foleni, kwa hiyo Kiswahili cha maegesho hakihitaji kutetewa. Nyumbani ni jambo jingine. Nekesa na kaka yake wangegombana kwa Kisamia. Ukiamua kuwa Kiswahili kiwakilishe lugha zote, shikilia hivyo kipindi kizima, na usiwatie neno moja la Kisamia kila wakikasirika. Linasikika kama chumvi iliyomwagika.

Wahusika wasizidi watano. Mmoja anaona ajabu, mmoja haamini kwa sababu nzuri (akikataa kwa ukaidi tu anachosha), na mmoja ana cha kupoteza. Kijana wa waya ndiye anayeuliza maswali ya mtazamaji. Kaida ya zamani ya kumleta mgeni asiye na jina ili afe kabla ya tangazo la kwanza iache. Watu wameshaizoea kiasi kwamba hucheka.

Mahali pawe patatu: duka, paa lake, maegesho. Sini za usiku dukani zipigwe mfululizo, hata kama kwenye hadithi zimetawanyika. Rekodi dakika moja ya ukimya wa kila mahali, maana jenereta ya jirani itaingia katikati ya sentensi na utahitaji kiraka. Mnapokwenda barabarani, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na polisi wawe na habari mapema. Moto bila taarifa utawaletea watu wengi kuliko mliowaandikia. Moshi wenyewe upigwe mbali na malori ya mafuta, kwa nyasi mbichi. Tairi liwepo kwenye picha, lisichomwe. Weusi wa moshi utaongezwa kwenye kompyuta.

Kabla ya kupiga picha, someni mswada wote kwa sauti mkiwa na saa. Kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ilitengenezwa kwa mpangilio wa miswada ya Kiingereza. Kwa Kiswahili pima, usikisie. Mkizidi dakika 28, kata maelezo kwanza. Ugomvi wa kiwanja uwe wa mwisho kuguswa.

Tamati haina ufafanuzi. Jua limetoka, umeme umerudi, simu arobaini zinaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Nekesa anaichomoa ya Wandera na kumpa. Nyuma yao redio inakwaruza, mpito wa asubuhi umefika, mstari wa kwanza wa picha mpya unashuka kwenye skrini. Tarehe yake isionekane. Shikilia sekunde nne, kisha kata kabla yeyote kati yao hajageuka.