Mdahalo wa reli na treni za kasi: namna ya kuuandaa Moshi au Arusha

Midahalo mingi ya reli huharibikia kwenye mada, kabla hata ya msemaji wa kwanza kusimama. "Je, Tanzania inahitaji treni za kasi?" ni mada mbovu. Upande mmoja utataja Japani, upande wa pili utataja zahanati na barabara za vijijini, ukumbi utapiga makofi kotekote na watu watarudi nyumbani na mawazo yaleyale. Mada ya reli lazima itaje mambo matatu: njia ipi, kasi gani na ndani ya muda gani.

Mfano unaofaa Kaskazini ni huu: "Katika miaka 15 ijayo, fedha za reli ya Tanga–Moshi–Arusha zitumike kujenga njia mpya ya milimita 1,435 kwa treni za kilomita 160 kwa saa, badala ya kukarabati njia iliyopo ya milimita 1,000." Milimita hizo ni upana kati ya reli mbili za njia, yaani geji. Wenye uzoefu wanaweza kuongeza upande wa tatu unaodai kilomita 300 kwa saa. Kwa vipimo vya Umoja wa Kimataifa wa Reli, njia mpya huhesabiwa kuwa ya treni za kasi kuanzia kilomita 250 kwa saa, na njia ya zamani iliyoboreshwa kuanzia takribani 200. Treni za umeme za Dar es Salaam–Dodoma, zilizozinduliwa rasmi Agosti 2024, zimesanifiwa kwenda 160. Namba hizi ziandikwe ubaoni tangu mwanzo, maana bila hizo wasemaji watatumia jina moja kwa vitu viwili vyenye gharama tofauti kabisa.

Historia kwa dakika mbili

Mwenyekiti aisome yeye mwenyewe ili wasemaji wasiipotezee muda. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, reli ikafika Moshi 1911 na Arusha 1929. Kipande cha Ruvu–Mruazi kiliiunganisha na Reli ya Kati mwaka 1963. Baada ya zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria, huduma ya Dar es Salaam–Moshi ilirudi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Inatosha.

Hesabu ambazo kila msemaji azifanye kwa mkono

Anzeni na muda. Tanga hadi Moshi kwa reli ni kilomita 352 hivi, na Moshi hadi Arusha 86, jumla 438. Gawanyeni kwa wastani wa mwendo. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari nzima ni saa 7 na dakika 18. Kwa 160 ni saa 2 na dakika 44. Kwa 300 ni saa 1 na dakika 28. Sasa angalieni tofauti: kupanda kutoka 60 hadi 160 kunaokoa zaidi ya saa 4 na nusu, lakini kupanda kutoka 160 hadi 300 kunaokoa saa 1 na robo tu. Kwa Moshi–Arusha peke yake, 160 ni dakika 32 na 300 ni dakika 17. Dakika 15 hizo zinaweza kuishia kwenye foleni ya kukata tiketi.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya kasi ya juu na wastani. Dar es Salaam–Dodoma ni kama kilomita 444, na treni inayosimama vituoni huchukua karibu saa 4, yaani wastani wa 110 hivi, ingawa inaweza kufika 160. Msemaji akitaja kasi ya juu kama ndiyo mwendo wa safari nzima, aulizwe papo hapo: inasimama mara ngapi, na kila kituo kinakula dakika ngapi pamoja na kupunguza mwendo na kuuchukua tena?

Ya pili ni kona. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani ili treni isisukumwe nje; kuinuliwa huko ndiko mwinamo. Kwa geji ya milimita 1,435, nusu kipenyo cha kona kwa mita ni 11.8 mara kasi mara kasi (kwa kilomita kwa saa), gawanya kwa milimita za mwinamo pamoja na za upungufu unaovumilika, yaani mwinamo unaokosekana bila kuleta madhara. Tumieni 250 kama jumla. Kwa 160 mtapata mita 1,200 hivi, na kwa 300 mita 4,250 hivi. Chukueni ramani yenye mistari ya miinuko, chukueni bikari, chora kona hizo mbili kati ya Moshi na Arusha. Mtaona wenyewe jinsi kona ya 300 isivyoweza kukwepa makorongo ya Karanga, Weruweru na Kikafu. Lazima iyavuke kwa madaraja marefu, huku njia ikipanda kutoka mita 800 hivi hadi karibu 1,400 juu ya usawa wa bahari. Zoezi hili la bikari ni bora kuliko hotuba yoyote, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaliweza.

Ya tatu ni breki. Treni inayopunguza mwendo kwa mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde husimama ndani ya kilomita 1.2 ikitoka 160, na kama kilomita 5 ikitoka 320. Kasi ikizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Ndiyo maana njia ya kilomita 300 kwa saa haina makutano na barabara hata moja: ni uzio pande zote, madaraja na vivuko vya chini. Muulizeni anayetetea kasi hiyo ng'ombe wa Same na Simanjiro watapita wapi, kila baada ya kilomita ngapi, na nani atalinda nondo za uzio. Hata kwa 160 swali hili halikwepeki.

Upana wa njia ndiyo roho ya mjadala

Tungependa eneo hili lipewe muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu hapa ndipo mifano ya nchi nyingine husaidia au hupotosha.

Moroko ilifungua njia yake ya kasi Novemba 2018. Njia mpya inatoka Tangier hadi Kenitra, na treni inakimbia 320. Lakini ikifika Kenitra inaingia kwenye reli ya zamani iliyoboreshwa na kuendelea hadi Casablanca katikati ya mji. Safari nzima ilishuka kutoka saa 4 na dakika 45 hadi saa 2 na dakika 10. Iliwezekana kwa sababu reli mpya na ya zamani zote ni milimita 1,435.

Indonesia ilifungua Jakarta–Bandung Oktoba 2023, kilomita 142, treni za 350. Reli yake ya zamani ni milimita 1,067, kwa hiyo treni ya kasi haiwezi kuingia humo, na anayekwenda katikati ya Bandung hushuka Padalarang na kupanda treni nyingine. Gharama pia zilizidi makadirio kwa zaidi ya dola bilioni 1.

Kenya ilianza treni za Mombasa–Nairobi mwaka 2017 kwa geji ya milimita 1,435, injini za dizeli na mwendo wa 120. Vituo vya Miritini (Mombasa) na Syokimau (Nairobi) viko nje ya miji, na abiria wa Nairobi huunganishwa na kituo cha kati kwa treni za reli ya zamani.

Sisi tuko upande wa Indonesia na Kenya, si wa Moroko. Reli yetu ya Kaskazini ni milimita 1,000. Njia mpya ya 1,435 haitaweza kutumia hata mita moja ya iliyopo, wala kituo cha Moshi kama kilivyo, bila kujenga upya. Kwa hiyo anayeunga mkono njia mpya aeleze mambo mawili bila kuzungukazunguka: mizigo itahamishwaje pale njia mbili zinapokutana, na kituo kitakuwa umbali gani kutoka standi na soko. Anayepinga naye asijifiche nyuma ya neno "ukarabati". Aseme atabadilisha reli za uzito gani kwa mita, mataruma (vipande vya chini vinavyoshikilia reli) mangapi, kokoto kiasi gani, na atapanua makalvati yapi. Mvua za masika zikishuka kutoka milima ya Pare, kalvati dogo huziba kwa matope na magogo, maji yanapanda juu ya tuta na kuondoka na kokoto, na reli inabaki ikining'inia hewani. Kubadilisha reli bila kupanua makalvati ni kutupa fedha.

Deni na nauli

Fanyeni hesabu ya mfano. Mkopo wa dola bilioni 1 kwa riba ya asilimia 2 unadai dola milioni 20 kwa mwaka, na kwa asilimia 6 unadai milioni 60. Wakipanda abiria milioni 2 kwa mwaka, kila safari inabeba dola 10 au dola 30 za riba pekee, kabla ya kulipa deni lenyewe, umeme, mishahara na vipuri. Linganisheni na nauli: daraja la kawaida Dar es Salaam–Dodoma lilipangiwa shilingi 31,000 mwaka 2024, kama shilingi 70 kwa kilomita. Kwa kiwango hicho Moshi–Arusha ni shilingi 6,000 hivi, na dola 10 peke yake ni zaidi ya shilingi 20,000.

Hii haimaanishi upande wa kupinga umeshinda. Jibu sahihi la upande wa pili ni mizigo. Treni ya mabehewa 20 yenye tani 40 kila moja hubeba tani 800, sawa na malori 27 ya tani 30. Lakini hapo nako kuna mtego. Saruji, mbolea na mafuta hupanda, na kinachoshuka ni kahawa, maharage, vitunguu na mahindi, tena kwa msimu. Behewa linaloshuka tupu halilipi. Msemaji wa mizigo asipotaja mzigo wa kurudi, majaji wampunguzie alama.

Kukusanya takwimu za hapahapa

Wiki mbili kabla, tumeni watu wawiliwawili. Mmoja akae standi kuu tangu alfajiri hadi saa 6 mchana, aandike mabasi yanayoondoka kwenda Dar es Salaam na Tanga, nauli na viti vilivyojaa. Mwingine aende soko la Kilombero (Arusha) au Mbuyuni (Moshi), awaulize wenye malori wanalipwa kiasi gani kwa gunia au tani. Rudieni hesabu ya standi katikati ya Desemba kama ratiba inaruhusu, maana watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa Krismasi picha inabadilika kabisa. Treni haiwezi kupangwa kwa wiki mbili za mwaka, wala haiwezi kuzipuuza.

Ukumbini

Dakika 90 zinatosha. Wasemaji watatu kila upande, dakika 5 kila mmoja. Wachangiaji 15 kutoka ukumbini, dakika 2 kila mmoja. Majumuisho dakika 4 kila upande. Zinazobaki ni za ufunguzi, kura na ucheleweshaji. Mtunza muda agonge kengele dakika moja kabla. Ruhusuni "taarifa" (kumkatiza msemaji kwa hoja fupi) mbili tu kwa kila hotuba, kila moja ya sekunde 20, la sivyo nusu ya mdahalo itakwenda kwa kusimama na kuketi.

Katibu aandike kila namba inayotajwa na ilikotoka. Namba isiyo na chanzo mwenyekiti aitangaze kuwa haihesabiwi, hata kama imetolewa na mgeni rasmi. Mjadala ukigeuka kuwa wa vyama, mwenyekiti airudishe ramani mezani na kuuliza: kwa mwendo gani, kwa njia ipi, nani analipa?

Pigeni kura mara mbili, kabla na baada, kwa karatasi. Ongezeni mstari mmoja chini ya karatasi ya pili: "Namba iliyobadilisha msimamo wangu ni ipi?" Majibu hayo yaambatanishwe na maazimio yatakayopelekwa kwa diwani, mbunge na ofisi ya Shirika la Reli, pamoja na karatasi za hesabu ya standi zikiwa na tarehe.