Taa ya oili ikiwaka, pima presha kabla hujafungua injini

Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, egesha gari uzime injini hapo hapo. Usiseme "nifike tu gereji". Metali za krenki, yaani bearing laini zinazoshika shafti kuu ya injini, zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, dakika chache zinatosha injini kunoki.

Mfano wangu ni 1NZ-FE, injini ya Probox na IST nyingi, maana ndiyo ninayoifungua mara kwa mara.

Hatua ya 1. Gari likiwa sehemu tambarare, subiri dakika tano, vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Nusa pia: oili yenye harufu ya petroli imeshakuwa nyepesi, na iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Hatua ya 2. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa swichi ya presha, kile kifaa kwenye injini kinachowasha taa ya oili presha ikishuka. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi. Ikizimika, waya ni mzima, lakini bado hujajua kama tatizo ni swichi au injini.

Hatua ya 3. Pima presha kwa geji. Hapa ndipo wengi wanaruka, na inaniuma kila mara. Niliwahi kuletewa gari lililobadilishwa swichi mara tatu, halafu likawekwa oili nzito ya 20W-50 ili taa izimike. Taa ilizimika kweli, ugonjwa ukaendelea kula metali.

Fungua swichi, funga geji ya presha mahali pake. Angalia nyuzi za kufungia: swichi za Toyota zina nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingi zina 27. Ukilazimisha, utaharibu tundu, tafuta adapta. Washa injini mpaka ipate moto wa kawaida, kwa sababu presha ya asubuhi injini ikiwa baridi inadanganya.

Soma geji gari likiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga mpaka mizunguko 3000 kwa dakika. Kipimo cha mafundi ni takriban psi 10 (psi ni kizio cha presha) kwa kila mizunguko 1000. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka chini ya psi 4 hadi 7, kwa hiyo taa kuzimika si ushahidi wa uzima.

Hatua ya 4. Geji ikisoma vizuri, badilisha swichi, umemaliza. Presha nzuri kwenye baridi ikishuka sana kwenye moto, shuku metali zilizolika. Ikiyumba au kuanguka unapokanyaga, pampu inakosa oili: shusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) uangalie chujio la mdomo wa kunyonyea. Mara nyingi nimekuta limezibwa na vipande vya silikoni, ile gundi ya kuzibia, kwa sababu aliyefunga sampo aliipaka kama siagi kwenye mkate. Mstari mwembamba unatosha.

Presha ikiwa chini muda wote, kata filta kwa msumeno, kunjua karatasi juani. Ukiona vipande vinavyong'aa, shuku metali zinalika; usitegemee sumaku kuvitambua, maana metali ya alumini au shaba hainasi. Filta ikiwa safi, shuku pampu na vali yake ya kupunguza presha. Zote zimo kwenye kava ya mnyororo wa taimingi, kwa hiyo mweleze mwenye gari mapema kuwa kazi ni kubwa.

Baada ya matengenezo, pima tena kwa geji ileile kabla ya kurudisha swichi, na uandike namba hiyo kwenye stika ya oili.