Ukitaka kumwita mtoto Thuraya, anza na ulimi

Kabla hujaandikisha jina hili, lijaribu kwa simu. Pigia watu watano, litamke mara moja tu, kila mmoja aandike alichosikia. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na mimba ya miezi minane hapa Mwanza. Nikapata Suraya mbili, Soraya, Zuraya na Turaya. Kwetu Unguja jina hili halimshtui mtu. Huku bara nikajua nina kazi.

Tuanze na sauti. Toa ncha ya ulimi kidogo katikati ya meno, upulize. Ni "thu" ileile ya thuluthi na thumni. Anayeshindwa mwambie aseme "thamani", halafu "samani". Akisikia kwamba moja ni bei na nyingine ni makochi, ameshafika nusu ya safari. Asiikaze sana ikawa "dh" ya dhahabu. Hapo ndipo Zuraya anapozaliwa. Mkazo uweke kwenye "ra": thu-RA-ya. Kiarabu kina "y" mbili, ndiyo maana wengine huandika Thurayya. Chagua tahajia moja usiiache tena. Aliyeniandikia Soraya simlaumu: Waajemi huisoma "th" ya Kiarabu kama "s", na Shah wa Iran alioa malkia wa jina hilo mwaka 1951. Waturuki nao wana Süreyya.

Watu watakuuliza maana, kwa hiyo iwe mdomoni tayari. Thuraya ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikitazama kujua majira. Wazee husema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mume wangu, Msukuma wa Magu na mtoto wa mkulima, alikuwa akivutia jina jingine kabisa. Methali hiyo ndiyo iliyomlainisha. (Wajapani nyota hizo huziita Subaru. Tazama nembo ya gari, utaziona sita.) Jiandae na utani pia. Mjomba wangu aliyeko Muscat aliuliza kwa nini nimempa mtoto jina la simu, maana kuna kampuni ya simu za setilaiti ya Falme za Kiarabu inaitwa hivyohivyo.

Kama unataka kujua ni adimu kiasi gani, Marekani hutoa orodha ya majina kila mwaka, inayorudi nyuma hadi waliozaliwa 1880. Jina lenye watoto chini ya 5 kwa mwaka haliingizwi. Huko tafuta kila tahajia peke yake, kwa sababu Thuraya na Soraya huhesabiwa mbalimbali. Mimi nilitumia benchi la kliniki. Asubuhi nzima nikisikiliza nesi akiita: akina Neema, akina Brayani, Khadija wanne. Thuraya hakuna.

Kwenye karatasi usimtegemee mtu masikio yake. Liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, ukikabidhi pale wanapojaza tangazo la kizazi, na usiondoke dirishani kabla hujasoma kilichoandikwa. Mimi niliondoka. Nilikuwa na mshono na usingizi, nikaja kugundua "Suraya" nyumbani, na kulirekebisha kulinipeleka kwa wakili kula kiapo na kunirudisha foleni mara tatu.

Jina la mkato litoe wewe, mapema. Usipolitoa, mtaa utalikata wenyewe: wangu walianza na "Sura", watoto wakawa wanamuuliza, sura ya nani? Mwisho wake nao haufai, maana unabaki na "Yaya". Tukachukua Raya, ambalo Unguja ni jina kamili linalojitosheleza.

Halafu jua nani wa kumrekebisha. Mwalimu, ndiyo, siku ya kwanza, kwa upole. Nesi, ndiyo. Mama mkwe wangu yuko Magu, na Kisukuma chake hakina "th" wala "r". Wiki ya kwanza ya ndoa nilihangaika na "Ng'w" ya jina la ukoo wao, akanivumilia bila kucheka. Yeye humwita mjukuu wake "Sulaya", na mtoto anaitika, "Abee, bibi," anakimbia.